Niliacha foleni ya Nairobi, nikavaa deraya yangu kando ya Ziwa Tanganyika

Bega la kushoto la deraya yangu, vazi la shujaa nililolitengeneza kwa sponji, limevunjika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni mwa ukumbi mmoja Nairobi, katikati ya watu wanaosukumana. Mara ya pili ilikuwa hapa nyumbani Kigoma, kwenye mchanga wa ziwa, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Mara ya tatu halikuvunjika, na siku hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Wako vijana wengi huku kwetu, Kigoma, Tabora, Katavi, wanaopenda kosplei, ile sanaa ya kuvaa kama mhusika wa hadithi, na kuamini kwamba lazima wasafiri siku mbili kwenda kwenye tamasha ndipo vazi lao lihesabike kuwa limevaliwa. Nami niliamini hivyo, na imani hiyo ilikula akiba yangu ya miezi minane.

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu ya duka Mwanga, hapa hapa Kigoma, nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na suruali za watu waliopungua au kunenepa. Kosplei niliifahamu kupitia mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akikesha na simu akitazama katuni za Kijapani. Jioni moja akanionyesha shujaa wa kike mwenye deraya ya bluu, joho jeupe linaloburuza na nywele nyeupe zinazofika kiunoni, mlinzi wa maji. Akauliza, "Dada, hili unaweza kulishona?" Fundi hawezi kuliacha swali kama hilo lipite.

Kwa asiyejua, kosplei ni kutengeneza vazi la mhusika, kulivaa na kumuigiza. Neno hilo aliliunda Mjapani Nobuyuki Takahashi miaka ya 1980 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la mchezo. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Mwaka 1939 huko New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, Myrtle Douglas alishona mavazi mawili ya watu wa siku zijazo, lake na la rafiki yake Forrest Ackerman, wakaingia nayo ukumbini. Wengi humtaja Ackerman kwanza. Mimi humtaja Myrtle, kwa kuwa ndiye aliyeshika sindano.

Nilishona miezi mitano, usiku, baada ya kazi za wateja. Kitambaa hakikunisumbua: satini mita sita, shilingi 36,000. Deraya ndiyo iliyonitoa jasho. Wenzetu wa nje hununua sponji ngumu maalumu. Mimi nilinunua mikeka mitatu ya kufanyia mazoezi, 18,000 kila mmoja, nikaichora kwa chaki ya fundi na kuikata kwa wembe mpana. Sponji ikitaka kushika umbo la bega au goti inahitaji joto. Drayer ya saluni haikutosha. Nikajaribu juu ya jiko la mkaa, na moshi wake uliniumiza kichwa mpaka kesho yake. Tafadhali usirudie kosa hilo, hasa ndani ya chumba. Aliyeniokoa ni fundi simu wa jirani, mwenye ile mashine ya hewa ya moto ya kuchomolea vipuri. Alinipashia vipande vyote jioni moja kwa 5,000. Kisha nikapaka gundi nyeupe ya mbao mara nne, kila mara nikisubiri ikauke, kabla ya rangi. Ukiruka hatua hiyo, sponji hunywa rangi, na kidogo kinachobaki juu hupasuka ukikunja mkono.

Wigi niliagiza Dar es Salaam kwa 85,000. Lenzi za macho za bluu, 35,000. Rangi 30,000, gundi 20,000. Jumla 265,000, bila kuhesabu usiku zangu. Kosa kubwa lilikuwa ndani ya ile gundi: nilitumia gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa umeme, kwa sababu inashika haraka na mimi nilikuwa na haraka.

Safari ya Nairobi ilikuwa mwaka 2023. Basi hadi Mwanza, kulala, kisha basi jingine kupitia mpaka wa Sirari. Hati ya dharura ya kusafiria, nauli za kwenda na kurudi, chumba, chakula na kiingilio vilifika 430,000. Tamasha lenyewe sitalitaja, kwa sababu naamini waliliandaa kwa nia njema na watu walikuja wengi kuliko nafasi. Nilisimama kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tano. Pale mlangoni watu walisukuma kwa nyuma, bega langu likagonga nguzo, nikasikia sauti ya gundi ikiachia.

Ndani joto lilikuwa kali. Sikunywa maji siku nzima, maana kuvua mapaja ya deraya na joho ili niende chooni kulihitaji dakika ishirini na mtu wa kunisaidia, na sikuwa na mtu. Kijana mmoja alinivuta wigi kuona kama ni nywele zangu. Mwingine alinizungushia mkono kiunoni kwa ajili ya picha, bila kuuliza, akaondoka kabla sijapata neno. Baadaye nilisoma kwamba matamasha makubwa ya Marekani hubandika mabango ya kukumbusha watu kuwa vazi si ruhusa ya kumshika aliyelivaa. Laiti ningelijua hilo mapema, ningelisema kwa mdomo wangu: "Kaka, usinishike." Lina uzito uleule kwa Kiswahili.

Sitaki mtu aelewe kwamba tamasha ni kitu kibaya. Msichana mmoja kutoka Nakuru alikaa sakafuni pamoja nami nusu saa nzima akinisaidia kulifunga bega kwa utepe, na ndiye aliyeniambia kwamba deraya hushikwa kwa gundi ya mafundi viatu, ile ya kopo, unayopaka pande zote mbili na kuziacha zikauke kidogo kabla ya kuzikutanisha. Ushauri huo ulikuwa bora kuliko vyote nilivyovikuta mle. Lakini nilirudi na picha kumi na moja tu, na katika hizo ni tatu ambazo hakuna mgongo wa mtu mwingine mbele yangu. Usiku kwenye basi niligeuzia uso dirishani nikalia. Miezi mitano ya kushona, na hakuna mtu aliyeona mistari ya fedha niliyoichora moja moja kwenye vifundo vya mikono. Hata mimi sikuiona siku hiyo.

Sanduku likakaa uvunguni karibu mwaka mzima. Aliyelitoa ni mdogo wangu. Akanitazama nikifagia chumba, akasema, "Dada, huyu si mlinzi wa maji? Ziwa tunalo." Nikabaki na fagio mkononi. Tunaishi kando ya ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470 kwenda chini, na mimi nilikuwa nimembeba mlinzi wa maji mpaka nchi nyingine nikamsimamishe kwenye vigae vya ukumbi.

Nilianza kutafuta mahali. Nilikwenda Ujiji, kwenye makumbusho ya pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ni mahali tulivu, pana miembe na kivuli kizuri. Lakini Ujiji ndipo misafara ya watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa ilipoanzia njia ndefu ya kwenda Bagamoyo. Nilisimama pale nikaona siwezi kuinua upanga wa sponji na kuweka mapozi juu ya ardhi walipopita watu wamefungwa minyororo. Kila mtu ana dhamiri yake. Mimi nilirudi bila kuuliza hata bei. Nilitamani pia stesheni ya reli, ile iliyoachwa na Wajerumani, reli iliyofika hapa mwaka 1914, na bandari ilipo Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma. Ila bandari na reli ni maeneo yanayolindwa. Ukitaka kupiga picha huko, omba kibali kwa maandishi, mapema, na uwe tayari kusubiri. Mimi sikuwa na subira, ndiyo maana nikachagua ufukwe mmoja wa wavuvi usio mbali na mjini, na kwenda tu.

Hiyo ilikuwa Juni 2024. Mtakumbuka mwaka huo uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Hesabu yangu ilikuwa hivi: hakuna uvuvi, basi hakuna watu. Mvuvi asiye na kazi, wapi anakaa? Anakaa ufukweni, karibu na mtumbwi wake. Na Juni shule zimefungwa. Tulipofika na bajaji, mimi nikiwa nimeshavaa kila kitu kutoka nyumbani, watoto kama arobaini walikuwa wametuzunguka kabla dereva hajazima injini.

Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, ule wa kiangazi. Nywele nyeupe zilinifunika uso, zikanasa kwenye rangi ya mdomo. Mchanga uliingia jichoni, chini ya lenzi, nikashindwa kuitoa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na gundi na vumbi. Jua lilikuwa juu kabisa. Kwenye picha za siku ile macho yangu ni mashimo mawili meusi. Mpiga picha wangu ni kaka anayepiga picha za harusi, hodari sana wa harusi, akawa ananiambia, "Tabasamu dada, tabasamu." Mhusika wangu amezika ndugu zake wote. Hatabasamu. Lakini sikuwa nimemweleza. Nilidhani ataelewa kwa kuona vazi.

Kisha bega likaachia tena. Sponji ya bluu iliyoiva kwenye jua la saa saba hupata moto kama bati, na ile gundi ya vijiti ikilainika haishiki tena. Kipande kilidondoka mchangani, watoto wakakigombania. Sikuwa nimekirudishia gundi ya viatu kama yule dada wa Nakuru alivyonielekeza. Nilikuwa nimeongeza gundi ileile juu ya ileile.

Wakati nakitafuta kile kipande, nikamwona mama mmoja akimvuta mwanawe wa miaka mitatu hivi ndani ya nyumba. Mtoto alikuwa akilia kwa hofu ya kweli, akinitazama machoni. Macho ya bluu, nywele nyeupe, kando ya maji. Kila aliyelelewa huku anajua jina ambalo mtoto yule alikuwa ameambiwa. Muda si mrefu akafika mgambo na kijana wa bodaboda aliyemwita, akauliza upanga ni wa nini. Tulipelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, tukakaa pale kwa muda wa karibu saa mbili.

Hawakutufanyia ubaya wowote. Mwenyekiti alikuwa mzee mtaratibu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaushika ule upanga, akaukunja kwa vidole viwili, akaona ni mkeka. Akaniambia, "Mwanangu, huu mkoa uko mpakani. Watu wamepokea wakimbizi, wamesikia mengi. Ukifika mahali pa watu na panga, unaanza kwa wenyewe, hata panga likiwa la karatasi." Akanionya jambo jingine ambalo naliweka hapa kwa faida ya wanaopenda wahusika wa kijeshi: nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi raia haruhusiwi kuvaa, na hakuna maelezo ya katuni yatakayokusaidia ukikutwa nazo. Badilisha rangi, badilisha mchoro, au chagua mhusika mwingine.

Siku ile nilipoteza 45,000: malipo ya awali ya mpiga picha na bajaji. Kilichonikosesha usingizi ni yule mtoto. Kesho yake nilirudi nikiwa na gauni langu la kawaida na kanga, nikampata mama yake, nikamwomba radhi, nikampa mtoto ile wigi aishike. Aliishika kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akainyoosha kwa vidole kama anayesuka.

Baada ya hapo nilijipa wiki sita. Nilibandua kila kiungo cha deraya, nikakwangua gundi ya zamani, nikaunganisha upya kwa gundi ya kopo, mlango ukiwa wazi kwa sababu harufu yake inalevya. Kwenye mabega niliongeza mikanda ya lastiki iliyoshonwa kwa cherehani, ili hata gundi ikishindwa, uzi ubaki. Hilo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wateja kwamba kinachobeba uzito hushonwa.

Mpiga picha nilimwita dukani kwangu, nikamnunulia soda, nikamwonyesha picha kumi na mbili za mfano kwenye simu na kumsimulia hadithi ya mhusika mwanzo hadi mwisho. Ilichukua saa nzima. Alipoondoka aliniuliza maswali ambayo sikuwa nimeyafikiria: je, huyu dada anashika upanga kwa mkono gani, na anatembea kama mtu aliyechoka au aliyekasirika? Kama una mpiga picha wa harusi tu mjini kwenu, usimdharau. Anajua mwanga, anajua kupanga shela kwenye upepo. Anachokosa ni hadithi, na hiyo ni kazi yako kumpa. Mapozi nilifanyia mazoezi mbele ya kioo, kumi tu, mpaka mwili ukayakumbuka.

Muda wa kupiga ulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alinishauri nianze saa kumi alasiri na kumaliza saa kumi na mbili. Ushauri ni sahihi kwa Dar. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa ileile, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika arobaini baada ya la kwao. Mwanzoni mwa Agosti Kigoma jua linazama saa moja na dakika chache usiku. Saa kumi bado linachoma. Mwanga laini, ule wa rangi ya asali, unaanza kuja kwenye saa kumi na moja na nusu. Usinakili saa za mtu wa mkoa mwingine. Nenda siku mbili kabla, kaa pale pale utakaposimama, uone kivuli kinavyorefuka.

Mahali nilichagua ufukwe wa Jakobsen, mbele ya Katonga. Kuna kiingilio, na mimi nilikilipa kwa moyo mweupe, kwa sababu kinanunua utulivu. Kuna vighuba vidogo vya mchanga, miti inashuka karibu na maji, na maji yenyewe ni maangavu kiasi cha kuhesabu mawe. Tulitoa taarifa kabla, tukaeleza upanga ni wa nini. Kwa picha za majini nilikubaliana na mzee mmoja mvuvi wa Katonga, 20,000 kwa mtumbwi na makasia yake. Alikuwa hajashuka ziwani kuvua tangu katikati ya Mei. Siku za kawaida, nje ya kipindi cha kufungwa, nakushauri uzitafute siku za mbalamwezi: dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na mitumbwi inapatikana bila kumkatisha mtu riziki yake.

Nilikwenda nimevaa dera. Hakuna haja ya mji mzima kukuona, na mama yangu alilala kwa amani kwa sababu hiyo. Deraya ilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikaa kivulini. Mdogo wangu alibeba mfuko wa dharura: gundi ya kopo, sindano na uzi, pini, maji lita tano, karanga, ndizi, kandambili za kuvaa kati ya picha na picha, kanga mbili za kuzungushia nikibadilisha nguo, na shuka jeupe. Shuka ndilo lililokuwa taa yetu. Jua likiwa nyuma yangu, alilishika mbele yangu nje ya picha, mwanga ukarudi usoni laini kabisa. Lenzi sikuvaa. Macho yangu yalikuwa yamevimba siku tatu baada ya lile jaribio la Juni, na maji ya ziwa hayapaswi kukutana na lenzi hata kidogo. Mpiga picha aliyageuza macho kuwa ya bluu kwenye kompyuta, na hakuna aliyetambua.

Yule mzee alipofika alitazama mawe niliyokuwa nimeyapenda, akatikisa kichwa. "Hapo kwenye nyufa usiingize mguu," akasema. "Kuna nyoka, swila wa majini. Hana ugomvi na mtu, lakini umkute nyumbani kwake!" Tukahamia jiwe bapa lililo wazi. Nami nawaambia nyinyi: mwenyeji akikwambia hapana, mshukuru, hama. Na epuka kusimama muda mrefu kwenye maji yaliyotuama yenye matete karibu na vijiji, kwa ajili ya kichocho.

Halafu ikaja ile sehemu ambayo bado naitafutia maneno. Nilivaa taratibu, kipande kwa kipande, nimekaa kwenye jiwe, miguu kwenye maji. Hakuna foleni nyuma yangu. Mdogo wangu alinifunga mikanda ya mgongoni akiimba kwa sauti ya chini. Ilituchukua karibu saa nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka. Nilikunywa maji nilivyotaka. Nilipomaliza niliitazama mikono yangu, nikaiona ile mistari ya fedha kwenye vifundo, inang'aa kwa mwanga wa ziwa kama nilivyoiwaza usiku nilipokuwa naichora. Karibu miaka miwili tangu nianze kushona, na ndiyo kwanza nimelivaa vazi langu.

Tulipiga kidogo, tukakaa, tukala karanga, tukapiga tena. Mpiga picha hakusema tabasamu hata mara moja. Alisema, "Dada, sasa umesikia mtu anakuita kutoka majini. Usigeuke haraka." Nikageuka, na bega la kushoto likageuka pamoja nami. Milima ya Kongo haikuonekana. Nilikuwa nimeitamani kwenye picha, lakini kiangazi hewa hujaa vumbi na moshi wa mapori; ukiitaka milima, njoo msimu wa mvua, siku iliyofuata mvua kubwa. Badala yake jua lilishuka jekundu, duara kamili, unaweza kulitazama bila kufumba, na ziwa lote likawa rangi ya shaba. Nikaingia mtumbwini, joho nimelikunja mapajani lisilowe, mzee akapiga kasia polepole. Akaniuliza, "Huyu unayemuiga, kazi yake nini hasa?" Nikamwambia analinda maji, ili samaki na watu waendelee kuishi. Akakaa kimya makasia matatu au manne. "Basi sisi sote tunamsubiri tarehe 15," akasema.

Siku ile, ukiondoa kiingilio, ilinigharimu 113,000: mpiga picha 60,000, mtumbwi 20,000, bajaji 15,000, chakula na maji 18,000. Picha zilizobaki baada ya kuchuja ni ishirini na sita. Moja nimeitundika dukani, juu ya cherehani, na wateja wananiuliza huyo ni nani. Tamasha huenda nitakwenda tena siku moja, kumtafuta yule dada wa Nakuru na kumwonyesha bega, nikiwa na mtu wa kunisindikiza na vazi jepesi la kukalika.

Giza lilipoingia, mzee alitukaribisha kwake Katonga. Samaki hawakuwapo, bila shaka. Mkewe alitupakulia ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, tukala uani, upanga wangu umeegemezwa kwenye chanja tupu la dagaa. Mjukuu wao wa miaka saba hivi alikuwa akinizunguka tangu tulipofika. Mwishowe akajongea, akagusa bega la kushoto kwa kidole, akauliza kama anaweza kulivaa. Nikalivua. Mikanda ilikuwa mirefu kwake, kwa hiyo bibi yake akavua mtandio na kumfungia kifuani. Akatembea nalo mpaka kwenye mitumbwi, wima, bila kucheka, akagusa mtumbwi wa babu yake, akarudi.